Baba Kinyua Alijua Lini

"Mimi sijawahi kuchelewa mahali popote tangu nizaliwe," Beth Wamucii alimwambia msichana wa mapokezi, akaketi kabla ya kuambiwa keti. "Isipokuwa harusi yangu. Na mazishi ya mama mkwe, lakini hiyo nilichelewa makusudi."

Msichana hakucheka. Alikuwa akitazama kikapu cha mayai magotini mwa Beth, kimefunikwa na jani la mgomba.

"Cucu, hiyo weka hapo nje kwa ngazi. Iko na harufu."

"Harufu ni ya mayai ama ni yangu?"

"Weka tu nje, cucu," msichana akasema, kama anayemwambia bibi yake.

Beth akayaweka mayai ngazini, akarudi kukaa mahali ambapo jicho moja lingeweza kuyalinda. Jicho la pili alilielekeza kwenye mlango wa wakili Murugi. Ofisi ilikuwa juu ya duka la viatu, katikati ya mji wa Nyeri, na kila mtu aliyepanda ngazi aliyatazama mayai kwanza, kisha akamtazama yeye, kana kwamba ndiye aliyeyataga.

Alipoitwa ndani aliyabeba tena, akayaweka mezani juu ya makaratasi ya watu wengine. Wakili Murugi, mwanamke kijana mtu wa Chuka, aliyatazama, akaisogeza kalamu yake mbali nayo.

"Ni ya kienyeji," Beth akasema. "Si malipo. Malipo sina. Hiyo ni ya kukufanya unisikize."

"Nakusikiza, mama. Ni nini?"

Basi Beth akaeleza. Mume wake ni Kingori, baba Kinyua. Alikata mabati ya asbesto katika kiwanda cha paa kule Kenol mpaka nywele zake zikaota mvi, na hata kabla ya mvi alikuwa akirudi nyumbani mweupe kama mtu aliyetoka kwa mashine ya kusaga unga. Wenzake walikuwa wakicheka wakisema Kingori amezeeka kabla ya mke wake. Sasa mapafu yamekwisha. Anapumua kwa mashine iliyokodishwa kwa mwenye duka la dawa pale Karatina, na mwenye duka amesema mwezi huu ukiisha bila pesa atakuja kuichomoa yeye mwenyewe, hata kama mgonjwa amelala nayo puani. Ng'ombe ameshauzwa. Juzi kwenye mazishi ya mtu aliyefanya kazi na Kingori, Beth alikaa karibu na mjane wake, Wangechi, na Wangechi akamnong'oneza katikati ya wimbo kwamba kiwanda kimemlipa.

"Nikamwuliza, kimekulipa kwa nini? Akasema, kwa hiyo vumbi. Wakili wangu, mimi niliacha kuimba. Watu wakadhani nalia."

Murugi alikuwa ameanza kuandika. Kisha kalamu ikasimama.

"Mama, kuna shida ya wakati. Mtu akiumia kazini sheria inampa miaka mitatu kwenda kortini. Mzee aliacha kazi lini?"

"Zamani. Kinyua bado alikuwa shule."

"Sasa, ugonjwa kama huu unakaa mwilini miaka mingi bila mtu kujua, kwa hivyo korti inaweza kufungua mlango. Lakini inauliza swali moja tu: alijua lini? Kuanzia siku ile alijua kwamba ni vumbi ya kiwanda, ako na mwaka mmoja. Mwaka ukipita, mlango unafungwa. Hata akija amebebwa kwa machela."

Beth aliangalia mayai yake.

"Daktari alimwambia lini?" Murugi akauliza.

"Ule mwaka wa uchaguzi."

Murugi akaweka kalamu chini polepole. Uso wake mzuri uliharibika upesi. "Mama. Hiyo ni miaka mitatu sasa."

"Lakini yeye hakuambiwa," Beth akasema. "Mimi ndio niliambiwa."

"Vipi?"

"Daktari alinitoa nje, kwa ile njia ya wagonjwa, akaniambia mapafu imejaa asbesto na hakuna dawa. Nikarudi ndani nikamwambia mzee ni baridi imeingia kwa kifua." Alivuta leso yake hadi mdomoni, ikabaki hapo. "Ndugu yake mkubwa aliambiwa ako na kansa, wakili. Alienda nyumbani akageuka akaangalia ukuta. Hakula tena. Hata mwezi haukuisha. Mimi nikasema, huyu wangu hatajua. Tangu siku hiyo namfukiza na majani ya mkaratusi, namwambia baridi itatoka. Anakohoa, mimi nacheka. Nimecheka mpaka mashavu inauma."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote jambo hilo, wala mchungaji. Alingoja kukemewa. Badala yake aliona wakili ameinama mbele, macho yamemtoka.

"Mama, hebu rudia. Mzee mwenyewe hajui mpaka leo?"

"Hajui. Mimi ni mwongo mbaya sana."

"Mama Kinyua," Murugi akasema, naye akashika mkono wake juu ya mayai, "huo uongo wako ndio kesi yetu."

---

Ikabaki kumwambia Kingori. Beth aliahirisha mpaka uji ukapoa, akaupasha, ukapoa tena.

Mume wake alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha mito mitatu, bomba la mashine limepita juu ya masikio kama miwani ya mtu maskini. Kutoka hapo aliona shamba lote likiteremka mpaka mtoni: migomba, kahawa iliyozeeka, majani ya ng'ombe ambaye hayupo, na ule mstari wa matoka, maua ya majani marefu, uliokata shamba katikati. Beth hakuupenda mstari huo. Ulikuwa umekula nafasi ya maharagwe yake. Siku alipoukuta, akitoka mkutano wa akina mama wa kanisa kule Kangema, alikuwa amepiga kelele, na Kingori akamwambia Kinyua na mdogo wake wanagombania majani, kwa hivyo ameamua kila mmoja ajue atakata wapi. Beth akauacha. Wanaume wakizeeka hupenda kuonekana wana kitu cha kugawa.

"Baba Kinyua, kuna kitu nilikuficha."

"Umeuza kuku?"

"Si kuku."

Akamwambia yote: asbesto, daktari, ile njia ya wagonjwa. Alisema haraka, kama mtu anayemvua mtoto nguo iliyoshikana na kidonda. Kingori alisikiliza mdomo wazi. Kikombe kikamponyoka, uji ukamwagika miguuni.

"Ati asbesto?" akasema. "Ati ile ya kiwanda?"

"Ile ya kiwanda."

"Uui. Na mimi nikidhani ni baridi."

Beth alipiga magoti akampangusa uji miguuni ili asimwone uso. Alingoja mume wake ageuke atazame ukuta. Hakugeuka. Beth alihisi mkono wa mume wake juu ya kilemba chake, mwepesi kama wa mgeni.

"Na wewe ukakaa nayo peke yako," Kingori akasema. "Hiyo miaka yote. Pole, Beth."

Hakuwa amemwita kwa jina tangu Kinyua azaliwe. Beth alilia basi, akacheka, akamweleza habari za wakili, na mwaka mmoja, na mlango wa korti. "Unaona? Kama ungejua, hatungepata hata thumni. Wewe utaulizwa swali moja tu. Alijua lini? Unasema, juzi, mke wangu aliniambia nikikunywa uji."

Kingori alilinyoosha bomba la mashine juu ya masikio.

"Nitaapa na Biblia?"

"Si utakuwa unasema ukweli?"

"Ndio," Kingori akasema. Kisha akakohoa.

Beth alivijua vikohozi vyake vyote. Kulikuwa na cha alfajiri, kama mtu anayebisha hodi mahali asipotakiwa. Kulikuwa na kile kirefu cha baada ya chakula, kama jembe likiburutwa juu ya mawe, ambacho kilimwacha na midomo ya samawati. Na kulikuwa na cha sadaka, ambacho hakikuwa ugonjwa hata kidogo: alikuwa nacho tangu ujana, kikitoka kanisani, kila kikapu cha sadaka kilipokaribia benchi lao, naye akainama na kukohoa na kukohoa mpaka kikapu kipite. Hiki cha leo kilikuwa kile cha jembe. Akaenda kumletea maji.

---

Kwa majuma kadhaa nyumba ile ilikuwa na kitu kilichofanana na furaha. Mwenye duka la dawa alipokuja kuchukua mashine yake, Beth alimwonyesha barua ya wakili, yenye muhuri. Mwenye duka aliigeuza pande zote mbili.

"Hii si pesa, mama."

"Ni pesa ambayo bado inatembea. Iko njiani."

"Na ikipotea njia?"

"Utachukua mashine, utuchukue na sisi."

Akaiacha mpaka siku ya korti, lakini alisema kwa sauti, majirani wakisikia, kwamba yeye hafanyi biashara ya kuombea watu. Beth alimsindikiza mpaka barabarani akimshukuru, akajidharau kwa kila hatua.

Kwa kuwa Kingori hangeweza kupanda ngazi za mahakama, hakimu alikubali kuja kusikiliza ushahidi nyumbani. Habari ilienea mlima mzima. Beth alipaka ukuta wa mbele chokaa. Wa nyuma aliuacha, hakimu hangepita nyuma. Aliazima viti kanisani, na viti vikaletwa na Peterson, mdogo wake Kingori, mzee wa kanisa, mtu asiyesema uongo hata kwa watoto wanaouliza kama mbwa aliyekufa ameenda mbinguni.

Peterson alipanga viti, akavipangua, akavipanga tena.

"Mama Kinyua," akasema mwishowe, "hiyo kesi, si muiache tu?"

"Tuache? Na mashine ikichukuliwa tupumulie nini, nyimbo?"

"Mimi nasema tu."

"Shemeji, wewe ukishindwa kusaidia, beba kiti."

Peterson akabeba kiti. Hakusema tena, na Beth alikuwa na mandazi motoni, hakuuliza.

---

Walikuja asubuhi: hakimu, mtu mpole kutoka Magharibi aliyehamishiwa huku mwezi uliopita na bado akilalamikia baridi, wakili Murugi, na wakili wa kiwanda, Griffins, aliyevaa suti ya kijivu na viatu ambavyo matope yalivihurumia. Beth alimpa chai. Akasema ahsante, hanywi. Alimpa mandazi. Akasema ameshakula. Kisha akaomba maji, Beth akafurahi, akamletea katika gilasi yake nzuri. Griffins akanawa nayo mikono.

Kingori aliapa kwa Biblia, akajibu kama walivyojizoeza. Alikata mabati kwa msumeno wa mkono. Hakupewa kitambaa cha pua. Hakuambiwa kuna hatari. Alijua lini? Juzi, mke wangu aliniambia nikikunywa uji. Beth, amesimama nyuma ya mlango na sinia, alisema maneno hayo pamoja naye bila sauti. Murugi alimtupia jicho la ushindi.

Kisha Griffins akasimama. Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa na ule ukaribu wa mtu wa nyumbani.

"Mzee, mimi pia ni mtoto wa mashambani, kule Kangema. Baba yangu ni mkulima wa chai. Naomba tu tuone vile unatembea, mheshimiwa aone ugonjwa wenyewe. Toa bomba kidogo, tuteremke hapo shambani."

"Mheshimiwa, napinga," Murugi akasema. "Mgonjwa si farasi wa kujaribiwa."

"Ni mwendo mfupi tu," Griffins akasema. "Kama anadai fidia ya pumzi, tuone pumzi."

Hakimu akafikiri, akaona aibu, akakubali.

Basi wakamtembeza Kingori katika shamba lake kama ng'ombe anayeuzwa. Beth alimshika mkono mmoja, Peterson mwingine. Kila baada ya hatua chache alisimama, mdomo ukitafuta hewa, shingo imejaa kamba. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua, wakijifanya wanatafuta kuku. Griffins alitembea mbele, mikono nyuma, akisema, taratibu, mzee, hatuna haraka. Alipofika kwenye mstari wa matoka alisimama. Kingori akaufikia, akashika magoti yake.

"Maua mazuri," hakimu akasema, kwa kutaka tu kusema neno la wema. "Haya ni nini?"

"Ni matoka, mheshimiwa," Griffins akasema. "Hapa kwetu hayapandwi kwa urembo. Ni ya mpaka. Mtu akitaka kugawia watoto shamba, anaita shahidi, wanapanda matoka, na hakuna anayeyang'oa hata akifa. Hasa akifa." Aliinama akayashika majani kwa vidole vyake safi. "Haya yameshazaa. Tazama watoto wake hapa chini. Si ya mwaka jana haya. Mzee, uligawa shamba lini?"

Kingori alihema.

"Mzee?"

"Hapana... si kugawa. Ni maua tu. Mama Kinyua anapenda maua."

Majirani kule uani waliacha kutafuta kuku. Beth alimgeukia mume wake. Katika ndoa yao yote Kingori hakuwahi kumpa hata ua la boga.

"Mama anapenda maua," Griffins akarudia, taratibu. "Haya. Na nani alikusaidia kuyapanda?"

Kingori aliyatazama matope. Griffins hakumtazama tena. Alimtazama mtu aliyemshika mkono, aliyekuwa amevua kofia na kuikunja mpaka ikawa kama kitambaa cha kufutia vyombo.

"Mheshimiwa, wewe hulazimiki kuuliza," Murugi akasema haraka. "Huyu si shahidi."

"Nitauliza," hakimu akasema. "Baba, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," Peterson akasema.

"Peterson," Kingori akasema.

"Mimi ni mzee wa kanisa, Kingori. Nilimwambia mke wako muache." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Mheshimiwa, ilikuwa mwaka wa uchaguzi. Alirudi hospitali peke yake, mke wake akiwa Kangema, na alipotoka akaja kwangu kabla hajafika kwake. Akaniambia daktari amemwambia mapafu imejaa vumbi ya kiwanda, na hatapona. Akasema nimsaidie kupanda kabla Mama Kinyua atoke Kangema. Akasema mke wake asijue, maana atauza kila kitu akimtafutia dawa, abaki bila kitu."

Hakimu aliandika. Kila mmoja alijua anaandika nini: mwaka wa uchaguzi. Murugi alifunga faili yake polepole kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala. Griffins hakutabasamu. Alichukua jani la ndizi lililokauka, akaanza kupangusa matope kwenye kiatu.

Beth hakuwatazama. Alikuwa akirudi nyuma, miaka mitatu, chumba kwa chumba: majani ya mkaratusi yakichemka, yeye akicheka, Kingori chini ya blanketi la mvuke akisema, nasikia baridi ikitoka, Mama Kinyua, leo imetoka nyingi. Kumbe kila mmoja alikuwa amelala upande wake na kifo kilekile mkononi, akikificha chini ya mto. Mmoja wao angefungua mdomo usiku mmoja tu, mwaka ule, na mashine hii ingekuwa yao. Kesho mwenye duka la dawa angekuja na mkoba wake.

"Baba Kinyua," akasema. "Ukimwaga uji, ulikuwa unajua?"

Kingori hakumtazama.

"Nakuuliza wewe. Ulijua?"

Kingori akaweka mkono kifuani, akainama chini juu ya matoka yake, akaanza kukohoa. Hakimu alirudi nyuma kwa hofu. Murugi akapiga kelele mashine iletwe, na Peterson akatupa kofia akakimbia kupanda mlima.

Beth alibaki amesimama, akisikiliza. Kilikuwa kile cha sadaka.